Safu Mpya katika Daftari la Mutarabwe

Mutarabwe, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na shemeji Mustafa hajambo? Baridi ya Bruseli imewaachia? Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu. Mguu wangu wa kushoto umepoa tangu mvua ipungue, Rayhana na mdogo wake wanaenda shule, na wifi yako Imani bado hajashindwa hata siku moja tukibishana.

Najua utashangaa kupata karatasi. Siku hizi kwenye kizuizi cha darajani askari wanachukua simu, wanasoma ujumbe, wanasikiliza sauti. Ndiyo maana kila ukiniuliza nakujibu "tuko salama" basi. Barua hii anaivusha Bienaimé, yule dereva wa lori la saruji, ataitia posta ng'ambo ya mto. Ukitaka kunijibu, andika kwa anwani yake.

Kazini kumeingia jambo. Unajua miaka ishirini na mbili nimekuwa karani wa daftari la wakazi hapa komini, kwenye ofisi ya mji. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi, mke, watoto, nyumba. Safu sita. Juzi katibu wa komini, bwana Ngoy, ametuletea madaftari mapya matatu, makubwa, yana safu ya saba: "Asili". Niandike babu wa kila mtu alizaliwa wapi, mzaa baba na mzaa mama. Nikauliza ni ya nini. Akasema ni ya msaada wa chakula. Haya, mimi nimeandika orodha nyingi za chakula, na hakuna hata moja iliyoniuliza habari za marehemu.

Unajua safu hiyo inawatafuta nani. Wale tunaowaita watu wa ng'ambo, ambao wazee wao walivuka mto zamani za wakoloni. Kina Imani. Redioni sasa wanawaita "wageni wa zamani". Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki.

Usimwambie mtu, nimetaka tu kukwambia wewe.

Kaka yako,
Kadiri


Schaerbeek, Bruseli, 2 Machi 2025

Kaka Kadiri,

Waalaykum salaam. Barua imefika, na bahasha ilikuwa na vumbi la saruji kweli. Nimefurahi mguu umepoa. Sisi tuko wazima. Kiwanda cha magari kule Forest kimefungwa wiki iliyopita, kwa hiyo shemeji yako yuko nyumbani, anapanga makabati ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Mimi bado naenda kila asubuhi Ganshoren, kwenye nyumba ya wazee.

Kaka, nisamehe. Ulisema nisimwambie mtu, na nimemwambia mmoja. Kuna mzee ninayemhudumia, padri Jozef, ana miaka themanini na tisa. Alikaa kwetu miaka thelathini na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Mustafa. Asubuhi baada ya kupata barua yako nilimfunga vifungo vya shati kombo, akauliza kuna nini. Nikamweleza habari ya safu ya saba. Akanishika mkono.

"Wameanza na daftari?" akasema. "Shamimu, mimi niliona daftari kama hilo, kwenye parokia nyingine, miaka mingi iliyopita. Niliandika huku Bruseli kurasa nne. Walinijibu wananishukuru."

Chai yake hakunywa.

Siku tatu baadaye akaja mwanamke anaitwa Céline. Anafanya kazi bungeni, na wazazi wake ni marafiki wa padri. Anasema kuna muswada unaoandaliwa hapa, sheria ya kuzuia mauaji ya halaiki katika nchi za nje. Ikipita, kila ubalozi wa Ubelgiji utalazimika kutazama dalili na kuziripoti, na serikali italazimika kujibu kwa maandishi itafanya nini: kuzuia silaha, kufunga akaunti za wakubwa, kupokea watu walio hatarini. Leo hakuna anayelazimika. Ripoti inafika, inasomwa, inatiwa faili.

Céline ananiuliza kama ungekubali kuandika unayoyaona, kwa tarehe. Wabunge wanasikia kila siku kuhusu yaliyokwisha kutokea. Hawajawahi kumsikia mtu aliye ndani ya ofisi kabla hayajatokea.

Naogopa kukuomba. Ukikataa sitakulaumu, wala sitauliza tena.

Mdogo wako,
Shamimu


Mutarabwe, 30 Machi 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Salaam nyingi kwako na kwa shemeji, mwambie asivunje makabati. Huku afya tunazo. Imani alishikwa na homa, imeondoka.

Nilikaa na barua yako siku nne. Nikamsomea Imani. Akasema, "Wewe umeandika watu maisha yako yote. Andika na hili." Basi naandika.

Tarehe 5 Machi walimu saba wa shule ya msingi wamesimamishwa. Wote ni watu wa ng'ambo. Barua zao zinasema "mpango mpya wa kazi".

Tarehe 11 nyumba zimeanza kupigwa namba mlangoni. Mimi ndiye ninayepeleka karatasi ya namba kwa wapaka rangi, nikadhani rangi ni moja. Zile ambazo safu ya saba inasema ng'ambo zinapata rangi ya buluu. Nyingine nyeupe. Mlango wangu ni wa buluu.

Tarehe 19 vijana wa ule umoja wa chama tawala wamegawiwa filimbi, kila mmoja moja, uwanjani, mchana kweupe. Nimehesabu makatoni manane. Walioulizwa wamejibu ni kwa ajili ya kujilinda na wezi.

Tarehe 22 leseni za vibanda vya sokoni hazikufanywa upya kwa watu wa Mutarabwe Chini, na wewe unajua Mutarabwe Chini wanakaa akina nani.

Mwanzoni mwa mwezi, kabla ya rangi, nilimwendea Ngoy ofisini kwake. Nikamwuliza, "Bwana katibu, mke wangu nimwandike vipi?"

"Mwandike alikozaliwa babu yake."

"Babu yake amekufa hapa. Nilimzika mimi mwenyewe, na wewe ulikuja mazikoni."

"Sikukuuliza amefia wapi, Kadiri."

Alisema taratibu tu, huku anatafuta kalamu mezani. Tumesoma darasa moja mimi na yeye. Nilirudi kwenye meza yangu nikaandika jina la mke wangu, kisha nikakaa naliangalia mpaka wino ukakauka.

Waambie wabunge wako hayo. Jina langu usilitaje.

Kaka yako,
Kadiri


Schaerbeek, 4 Mei 2025

Kaka yangu Kadiri,

Assalaam alaykum. Uko mzima? Imani na watoto wazima? Naomba Mungu barua hii ikukute, na kabla ya barua ikukute sauti ya Bienaimé. Nimempigia jana, akaniahidi atapita kwako wiki hii hii.

Jumanne niliitwa bungeni, kwenye kamati. Céline alinipitia hapa nyumbani tukapanda tramu pamoja. Ni chumba cha mbao, kina vipaza sauti vidogo mbele ya kila kiti, na wakalimani nyuma ya kioo. Nilivaa kanzu yangu ya kijani. Nilisoma tarehe zako zote kwa Kifaransa, sikukosea hata moja. Nilipofika kwenye filimbi, mbunge mmoja mwanamke aliweka kalamu chini.

Halafu wakaanza kubishana. Hawakubishana kuhusu sisi, kaka. Walibishana kuhusu neno moja. Muswada unasema serikali "lazima" ichukue hatua dalili zikithibitishwa. Upande mmoja wanataka iwe "inaweza". Saa nzima na nusu. Nikiwa pale pale mbele yao na karatasi zako mkononi.

Mwishoni mzee mmoja mwenye tai nyekundu akanigeukia. Hakuwa mbaya, alikuwa mpole sana. Akasema, "Madame, haya ni mazito. Lakini huyo shahidi wako anajuaje kilichoandikwa ndani ya daftari la serikali? Pengine ni uvumi."

Nilikasirika. Saa nzima na nusu, kaka. Nikajibu, "Anajua kwa sababu ndiye anayeandika."

Nikamtazama Céline, nikaona amefumba macho.

Kikao kilikuwa cha wazi. Kinarushwa kwenye mtandao, na mtu yeyote popote anaweza kukitazama. Céline amekimbia kuomba kipande hicho kikatwe. Wamekikata siku ya pili, lakini siku moja nzima kilikuwepo. Mutarabwe ina karani mmoja wa daftari la wakazi. Mtoto mdogo angejua.

Sijalala tangu siku hiyo. Ondokeni. Chukua Imani na watoto mvuke. Acha nyumba, acha kila kitu. Nimekutoa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mdogo wako,
Shamimu


Mutarabwe, 1 Juni 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima. Kwanza tulia, kunywa maji, ndipo usome.

Bienaimé alifika, lakini Ngoy alimtangulia. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaweka simu yake mezani nikakuona umekaa kwenye kile chumba cha mbao. Umependeza. Alikiacha kipande hicho mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada yako amenenepa huko Ulaya." Nikasema ndiyo, wanakula viazi sana. Akarudisha simu mfukoni. Akanifungulia mlango nirudi kazini.

Sikulaumu, Shamimu. Ulisema kweli mbele ya watu waliotaka isiwe kweli. Mimi ningefanya hivyo hivyo, na ningepiga na meza.

Imani na watoto wamevuka. Bienaimé aliwaficha nyuma ya mifuko mitupu, wako kwa shangazi yake upande wa pili. Imani alikataa kuondoka bila mimi. Tuligombana kama hatujawahi kugombana, na mara hii nilimshinda. Sikufurahi.

Utauliza kwa nini sikuvuka nao. Madaftari hayajaisha. Zimebaki nyumba mia nne za Mutarabwe Chini, na vitabu vya zamani vya komini havisomeki ila na mimi. Ngoy anajua. Wanahitaji nimalize kabla hawajafanya walilopanga, na wakiniondoa leo itawachukua miezi. Kwa hiyo kila asubuhi nachukua daftari kwapani, naenda nyumba kwa nyumba kuhakiki. Naandika kwa mwandiko mzuri sana, taratibu sana. Nyumba nane kwa siku. Ngoy akipiga kelele, nazifikisha kumi.

Sheria yenu itapita lini? Niambie tarehe, nijue niende taratibu kiasi gani.

Kaka yako,
Kadiri


Schaerbeek, 27 Juni 2025

Kaka Kadiri,

Assalaam alaykum. Uko mzima? Unakula? Nani anakupikia?

Sheria imepita jana, Alhamisi. Nilikuwa juu, kwenye viti vya wageni, na Mustafa. Neno "lazima" limebaki. Wameshinda kwa kura chache, watu walipiga makofi, Céline alilia. Mimi nilikuwa nasubiri watangaze tarehe, maana wewe uliniuliza tarehe.

Nimemfuata Céline kwenye ngazi. Nikamwambia, "Sasa kesho wanaanza?" Akanieleza. Lazima itiwe sahihi, ichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali. Baada ya hapo mawaziri wana siku tisini za kutaja maeneo ya kwanza. Na Julai bunge linaenda likizo.

Nikahesabu kwa vidole pale pale. Inaangukia Oktoba.

Kaka, nyumba mia nne kwa nane kwa siku, nawe ulikwisha anza. Hazifiki Oktoba. Hata ukiandika nyumba tatu kwa siku hazifiki, na hawatakuacha uandike tatu. Jioni nilikwenda Ganshoren ingawa haikuwa zamu yangu, nikamweleza padri Jozef. Hawezi tena kukaa, anazungumza akiwa amelala. Alisema, "Mwandikie aondoke leo. Usimwandikie habari ya sheria hata kidogo." Lakini nimekuandikia, kwa sababu uliniuliza, na sijawahi kukudanganya.

Usiingoje. Nakuomba kwa jina la mama yetu. Vuka.

Mdogo wako,
Shamimu


Schaerbeek, 10 Agosti 2025

Kaka Kadiri,

Assalaam alaykum. Sijapata barua yako tangu ile ya Juni. Simu ya Bienaimé haipatikani. Redio za huku hazisemi chochote. Mustafa anazungusha stesheni mchana kutwa, anapata habari za joto na za mbio za baiskeli.

Sheria imechapishwa. Padri Jozef tumemzika Jumatano. Nimekwenda wizarani mara mbili. Mara ya pili mhudumu mmoja alinipa fomu. Alikuwa mwema, alinivutia kiti. Swali la nne linasema: "Je, chanzo chako cha habari bado kipo mahali husika? Ndiyo au hapana."

Niliirudisha bila kujibu. Kama upo popote, niandikie neno moja tu.

Mdogo wako,
Shamimu


Ng'ambo ya mto, 24 Agosti 2025

Wifi yangu Shamimu,

Assalaam alaykum. Mimi Imani. Mimi na watoto tuko hai, tuko kambini sasa, kwa shangazi hakukutosha. Barua yako ya Juni ninayo mimi. Bienaimé alifika nayo kizuizini siku ile ile mambo yalipotokea, akageuza lori. Nisamehe, nimeifungua.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Julai, baada ya swala ya alasiri. Filimbi zilianza sokoni, zikajibiwa juu kwenye barabara ya shule, zikateremka Mutarabwe Chini. Tulizisikia mpaka huku, maji yanabeba sauti. Watu wote ukingoni walisimama. Rayhana aliziba masikio ya mdogo wake.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mimi sikulijua. Hapa kambini kila jioni nakutana na watu wa Mutarabwe Chini. Walikuwa wamevuka tangu Juni, kidogo kidogo, wengine kwa mitumbwi juu kabisa kwenye mianzi ambako hakuna kizuizi. Nikamuuliza mama mmoja, nani aliwaambia mwondoke? Akasema, "Mumeo. Alikuja na daftari, akakaa kwenye kigoda, akauliza babu yangu alizaliwa wapi. Aliandika pole pole. Askari aliyemsindikiza akachoka akatoka nje kuvuta sigara. Ndipo akasema bila kuinua kichwa: mama, msifue nguo za wiki ijayo, vukeni." Nimeuliza na wengine. Nyumba baada ya nyumba, wifi. Kila mmoja alimwambia hivyo, na alimwambia asimwambie jirani, jirani atamfikia mwenyewe.

Vijana walipoteremka na filimbi zao walikuta milango ya buluu na ndani hamna watu. Walichoma nyumba tupu. Lakini hazikuwa tupu zote. Nyumba kumi na tisa zilikuwa na watu. Wagonjwa, wasioamini, na wale wa mtaa wa mwisho ambao hakuwahi kuwafikia. Nimekusanya majina ya waliouawa humo kwa wanaowajua. Nimeyaandika nyuma ya karatasi hii.

Kadiri alionekana mara ya mwisho saa sita mchana siku hiyo, yuko kwenye meza yake, na Ngoy amesimama nyuma yake. Fundi mmoja aliyekwenda kuchukua cheti anasema Ngoy alikuwa anafungua kurasa za madaftari moja moja, anauliza waliko watu wa nyumba hizo, na uso umembadilika. Kadiri alikuwa anasafisha kalamu kwa kitambaa. Hakuna aliyemwona akitoka.

Usijilaumu mbele yangu. Nilitaka kukuchukia mwezi mzima. Nimeshindwa, kwa sababu yeye hakukuchukia.

Wifi yako,
Imani


Schaerbeek, 12 Oktoba 2025

Kaka Kadiri,

Assalaam alaykum. Uko mzima? Nauliza kama kawaida yetu, maana sijui namna nyingine ya kuanza barua kwako. Sisi wazima. Mustafa amepata kazi ya kuendesha basi la wagonjwa. Imani na watoto wamepewa hema la peke yao, na Céline anashughulikia karatasi zao za kuja huku. Bienaimé amesema atakuwa na barua hii kwenye lori mpaka apate wa kumpa.

Mawaziri wametoa orodha ya kwanza ya maeneo kwa mujibu wa sheria, siku tatu kabla ya muda kwisha. Mutarabwe imo. Ni ukurasa wa kumi na moja. Imeandikwa kuwa ni eneo lenye "hatari inayoweza kujitokeza". Nimesoma mara nyingi nikidhani Kifaransa changu kimeniangusha. Nikampigia Céline. Akasema ripoti ilifungwa mwezi wa saba mwanzoni, na yaliyokuja baadaye yataingia katika ile ya mwaka kesho. Kisha akasema, "Shamimu, sijui niseme nini." Nikamwambia asiseme kitu.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema kamati lazima imsikilize shahidi akiomba. Nimeomba. Ni Jumanne saa nne asubuhi. Katibu wao amenipigia kuuliza nitahitaji dakika ngapi na nitazungumzia kipengele gani. Nikasema sina kipengele, nina majina ya nyumba kumi na tisa, watu hamsini na watatu, na nitayasoma yote. Akasema kwa kawaida haifanyiki. Nikamwuliza kama imekatazwa. Alikwenda kuangalia, akarudi, akasema hapana.

Nimekuwa nayasoma kwa sauti jikoni ili nisikwame. Mustafa anakaa mlangoni, ananisikiliza. La kwanza ni mzee Ilyas fundi saa, ambaye hakuweza kutembea, na la pili ni binti yake Darlène, aliyeambiwa avuke akakataa kumwacha. Yule mwenye tai nyekundu atakuwepo. Akiniuliza nimejuaje, safari hii sitakasirika. Nitaendelea na jina linalofuata.

Jina lako halimo, kaka. Imani hakuliandika, na mimi sitalisoma, kwa sababu hakuna aliyekuona umekufa.

Mdogo wako,
Shamimu